Pikapu Inayonusa Lami

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni kwangu, simu sikioni, jasho linanitiririka, na shemeji yangu upande wa pili anacheka. Wengine mmeuliza alikuwa anacheka nini. Wengine mmesema nilistahili. Haya, sikatai. Lakini sikieni yote kwanza, ndipo mnihukumu.

Kwa aliyeingia leo: mimi nabeba fanicha kwa pikapu. Vitanda, makabati, meza za kulia. Pikapu yenyewe si yangu, ni ya marehemu baba mkwe. Mama mkwe ndiye aliyenikabidhi, huu sasa ni mwezi wa nane, mbele ya mke wangu na mbele ya shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye tangu mwanzo alitaka iuzwe. Sharti lilikuwa moja.

"Mbao, mwanangu," aliniambia mama mkwe. "Ubebe mbao na vitu vya mbao. Siku ukipakia jiwe kwenye gari ya mume wangu, uniletee ufunguo siku hiyo hiyo."

Nikaapa. Na nikabeba mawe.

Safari tatu. Tena mawe ya nani? Ya huyo huyo shemeji! Ana kiwanja anajenga kimyakimya, mama yake hana habari, maana kila nyumbani pakihitajika msaada yeye hulia kwamba hana kitu. Alinibembeleza wiki nzima. Tukaapishana kila mtu afunge mdomo wake. Na sasa ndiye aliyenipigia simu.

"Bwana shemeji, jana nimeipita gari ya baba sokoni. Mbona mbele imelala hivyo? Umeiua! Jumamosi saa nne nakuja na mama aione. Akiona ilivyochoka, atasema mwenyewe iuzwe."

"Shemeji, si ni mawe yako yaliyoichosha?"

"Basi mwambie mama," akasema. "Mwambie ulibeba." Ndipo akacheka.

Mmeona alivyonipatia? Nikisema alinituma, nimesema nilibeba, ufunguo unaondoka. Nikinyamaza, gari inauzwa, ufunguo unaondoka. Na bila hiyo gari mimi ni mtu wa kukaa kibarazani kuhesabu wapita njia, mke akipita ananiangalia.

Njia ilibaki moja tu. Jumamosi saa nne mama mkwe aikute gari imesimama wima, shemeji ashikwe na aibu, maisha yaendelee.

Nikaenda kuitazama. Ajabu ni kwamba miezi yote hiyo sikuwahi kuona kitu. Naamka, nawasha, naondoka. Sasa nilikuwa naona hicho tu. Nyuma iko juu, mbele imelala, magurudumu ya mbele yamejificha ndani ya bodi. Ukiitazama ubavuni ungesema imeangusha sindano na inaitafuta.

Mke wangu akatoka na beseni la nguo, akasimama kando yangu.

"Unaangalia nini?"

"Huoni imeinama?"

"Mbona mimi naona iko vile vile siku zote?"

"Nyinyi watu wa kwenu," nikamwambia, "gari mnaijua rangi tu."

Akanitazama kidogo, akaenda kuanika. Habari ya mawe hakuijua. Mke wangu ni mtu mzuri sana, lakini siri ukimpa anampelekea mama yake kabla haijapoa.

Fundi wetu wanamwita Taratibu. Tangu azaliwe hajafanya kitu haraka, na hajawahi kurudia kazi. Nilimkuta amelala chini ya lori, miguu tu iko nje, nikaongea na miguu.

"Fundi, springi zangu za mbele zimekufa."

"Ya kwako haina springi mbele," ikajibu miguu. "Unaiendesha miezi yote hii hujui ina nini?"

Akatoka, akafuta mikono, akaizunguka gari mara mbili. Akainama akachungulia.

"Ina fimbo mbili za chuma, ndefu, moja kushoto moja kulia. Zinajisokota, ndizo zinazobeba pua ya gari. Mwisho wa kila fimbo kuna nati. Ukikaza, pua inapanda. Ukilegeza, inashuka. Ulibeba nini?"

"Makabati."

Akapitisha kidole nyuma kwenye bodi, akanionyesha vumbi jeupe.

"Makabati ya mawe?"

"Makabati mazito, fundi."

"Mzigo hukaa nyuma," akasema. "Ungeilaza nyuma. Mbele umeilazaje?"

"Mashimo! Ile barabara ya kwenda kwenye... kwenye makabati, ina mashimo sana."

Taratibu akafuta kidole kile kwenye suruali yake. Nikamwomba anifanyie siku hiyo hiyo. Akanionyesha lori. Akasema Jumatatu.

"Fundi, mama mkwe anakuja Jumamosi."

Hapo akanionea huruma ya kweli. Akaingia ndani, akanitolea jeki, stendi mbili na spana ndefu.

"Utafanya mwenyewe. Sikiliza. Inyanyue, iweke kwenye stendi, halafu kaza pande zote sawasawa. Ukiishusha chini usipime hapo hapo, itakudanganya, huwa inabaki imejinyoosha. Isukume mbele, isukume nyuma, ikae. Kisha weka ngumi juu ya gurudumu, chini ya bodi. Ngumi iingie wima, isicheze. Kushoto ngumi moja, kulia ngumi moja. Basi."

"Ngumi moja kila upande," nikarudia.

"Na taratibu," akasema.

Ijumaa mchana tukaanza, mimi na mke wangu, nyuma ya nyumba. Nilimwambia namfanyia mama yake heshima. Akafurahi, akafunga kitambaa kichwani, akakunja mikono ya gauni.

Nati zilikuwa zimeshika kutu na tope. Nikavuta spana mpaka nikahisi jicho linataka kutoka. Mke wangu akanimwagia mafuta, nusu kwenye nati, nusu kwenye sikio langu. Ikaachia. Nikakaza mizunguko mitano kushoto, mitano kulia. Nikatoa stendi, nikashusha jeki, nikatoka nje nikiwa mweusi tii.

Wacha wee! Pua iko juu! Ungeipeleka kupigwa picha.

"Mke wangu, njoo uone mume wako!"

Akapiga makofi. Nikambeba, nikamzungusha, nikamchafua gauni lote kwa grisi. Kisha akakumbuka.

"Fundi si alisema tuisukume?"

"Ah, fundi ana mambo mengi."

"Tuisukume."

Tukaisukuma. Hatua tatu mbele, hatua tatu nyuma. Na mimi nikiitazama kwa macho yangu, pua ikashuka, ikashuka, ikarudi kutafuta sindano yake.

Niliketi chini. Mke wangu akaenda kuniletea maji, akarudi, akaniambia ninywe haraka niingie tena. Nikaingia. Mizunguko minne. Tukasukuma. Haijafika. Mizunguko mitatu. Tukasukuma. Mikono inatetemeka, mgongo unalia, na kila nikitoka namkuta mke wangu kachuchumaa upande wa kulia, kaweka ngumi.

"Bado," anasema.

Mara ya tano nikaweka yangu kushoto. Ikaingia wima. Haichezi.

"Kwangu ngumi!" nikapaza sauti.

"Kwangu bado kidogo."

Nikarudi chini, nikaongeza mzunguko kulia, tukasukuma.

"Ngumi!" akaita naye.

Tukashikana mikono juu ya boneti, mimi kushoto, yeye kulia. Nikasema moyoni, shemeji, kesho utakula jeuri yako. Nikalala usingizi wa mtoto.

Jumamosi saa tatu nikaitoa gari barabarani niioshe. Uani kwetu kuna mteremko wa kupeleka maji ya kufulia mferejini, barabarani ni bapa. Nikaiegesha, nikashuka, nikarudi nyuma hatua kumi niione vizuri.

Imeegemea kulia. Si kidogo. Bega moja juu, bega moja chini, kama mtu aliyebeba ndoo.

"Njoo!" nikamwita mke wangu. "Njoo upesi! Ulipima nini wewe jana?"

"Ngumi!"

"Ngumi gani?"

"Hii!"

Akainua ngumi yake. Nikainua yangu, nikaiweka kando ya yake. Jamani. Yangu ni ya mtu anayebeba makabati. Yake ni ya mtu anayeshona vifungo. Mbili zangu unapata tatu zake.

Tukatazamana. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, maana yeye alishaanza kucheka, na akicheka hawezi kusimama, anashika ukuta. Nikacheka na mimi. Kisha nikatazama saa, kicheko kikakata.

Nikaingia chini pale pale barabarani, ndoo ya sabuni niliyotaka kuioshea ikamwagika yote chini. Nikakaza upande wake. Nikashusha, tukasukuma, nikapima kwa ngumi yangu mwenyewe. Imepita. Sasa kulia iko juu kuliko kushoto. Nikakaza kushoto. Imepita tena! Nikawa kama kinyozi anayesawazisha pande mbili. Muda wa kulegeza sina, kukaza ndiko nilikokuzoea, nikakaza, nikakaza. Zilipokuja kulingana, ngumi ilikuwa inaingia na nafasi inabaki.

Nikatoka. Imenyooka, ndiyo. Lakini pua sasa inatazama paa za nyumba.

"Imezidi," akasema mke wangu.

"Imependeza."

"Mume wangu, imezidi."

"Wamefika," nikasema. Kweli, teksi ilikuwa inasimama.

Shemeji akashuka kwanza, shati jeupe, viatu vinang'aa, amevaa kama mtu anayekwenda kusaini mkataba. Akamfungulia mama mlango. Mama mkwe ni mfupi, mnene kiasi, na hutembea polepole akiupumzisha mguu wa kushoto. Nikaficha mikono nyuma kwa sababu ya grisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umejipaka masizi?"

"Kazi, mama."

Shemeji hakunisalimu. Alikuwa anaitazama gari. Akaizunguka. Akainama mbele, akainama kushoto, akainama kulia. Nikamwona uso unavyombadilika, nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu siku ya harusi yangu. Nakiri. Ilikuwa raha tamu.

"Vipi shemeji," nikamwuliza kwa sauti ya upole kabisa, "umepoteza kitu huko chini?"

"Iko sawa," akasema kwa sauti ndogo.

"Hukusema imelala?"

"Nilisema nadhani imelala."

Mke wangu akakohoa kuficha kicheko. Mimi nikamgeukia mama mkwe, nimevimba kifua. "Mama, panda basi nikuzungushe mtaani, uone inavyokwenda." Nikamfungulia mlango kwa adabu zote.

Mama mkwe akashika kiti kwa mkono mmoja, mlango kwa mkono wa pili. Akanyanyua mguu. Haukufika. Akaushusha, akavuta pumzi, akajaribu tena. Haukufika. Akasimama pale, akaangalia gurudumu, akaangalia bodi, akaweka kiganja chake pale juu ya gurudumu palipokuwa na nafasi kubwa. Macho yakamlengalenga machozi.

"Gari hii mmeifanya nini?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Afadhali angeuliza kwa hasira.

Shemeji akapata nguvu ghafla. "Jibu, bwana shemeji. Mama anakuuliza."

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipokosea, na wala simlaumu mtu. Nilimwona shemeji anatabasamu, nikamwona mama ana machozi, nikajua moja kwa moja kwamba ameshaambiwa. Kwamba teksi nzima walikuwa wanaongea mawe tu.

"Nisamehe mama!" nikasema. "Ni mawe! Safari tatu tu, sikurudia, naapa sikurudia!"

Nikamtazama shemeji. Alikuwa amefumba macho.

Mama mkwe akanigeukia taratibu.

"Mimi," akasema, "nauliza kwa nini imepanda."

"Ime... imepanda?"

"Gari hii imeinama mwaka wa tano huu. Goti langu lilipoharibika nikawa siwezi kupanda. Nilikuwa nabaki nyumbani, mzee anakwenda peke yake. Siku moja akalala chini yake asubuhi mpaka jioni, na mzee hakuwa fundi, akailegeza mwenyewe. Akatoka ameparuzika uso mzima. Akaniambia, haya, panda sasa twende. Watu walimcheka, wakamwambia gari yako inanusa lami. Hakujali." Akafuta jicho kwa ncha ya kanga. "Nilitaka kupanda leo nikae kidogo. Basi tu. Sikuja kwa habari ya kuuza."

Nilitamani ardhi inimeze. Siku mbili nimelala chini ya ile gari nikipandisha kitu ambacho mtu alikishusha kwa mapenzi, halafu nikajishtaki kwa kosa ambalo hakuna aliyekuwa analijua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mama mkwe akamaliza kufuta jicho. Sasa macho yote mawili yakawa makavu kabisa.

"Enhe," akasema. "Mawe gani?"

"Mawe... ya kawaida, mama."

"Ya nini?"

"Ya msingi."

"Msingi wa nyumba ya nani?"

Nikamtazama shemeji, naye akayatazama mawingu. Hapo nikasikia mke wangu anasogea. Kicheko chote kimemwisha.

"Mume wangu," akasema, "nyumba ya nani?"

"Mke wangu, si hivyo unavyo..."

"Unajenga wapi? Unamjengea nani?"

"Hata mimi," akasema shemeji, hana hata mshipa mmoja wa aibu, "ningependa kujua."

Nilimrukia? Sikumrukia. Mama mkwe alikuwa katikati yetu, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa mbele, kiganja juu. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikauweka. Haukuwa umetoka mkononi mwangu hata mchana mmoja ndani ya miezi minane, na sasa ulikwenda kwa sekunde moja.

"Gari hii itakuwa ya nani, nitasema nikiiona hiyo nyumba," akasema mama mkwe. "Sasa hivi. Mnanipeleka nyote. Shusheni gari nipande."

"Mama, tuchukue teksi," akasema shemeji haraka.

"Kwa nini? Wewe unaijua njia?"

Shemeji akainama kufuta kiatu chake.

"Ingia chini umsaidie mwenzako. Hilo shati litafuliwa."

Ndivyo tulivyojikuta, mimi na mbaya wangu, tumelala chali bega kwa bega chini ya pikapu, mimi na spana upande wangu, yeye kashika tochi ya simu, tope la sabuni linamwingia kwenye kola. Nikaanza kulegeza. Mizunguko yote niliyoivujia jasho, naitoa mmoja mmoja.

"Umenimaliza," akaninong'oneza.

"Wewe ndiye umenimaliza. Sema ni yako, mke wangu asinikimbie."

"Nikisema, mama hanijui tena. Sema ni ya rafiki yako."

"Na tukifika, waashi wakikuita bosi?"

Akafikiri.

"Basi tupite njia nyingine."

"Njia gani?"

"Yoyote. Isiyofika."

Nilikaribia kukubali, Mungu anisamehe. Ndipo nikaona ndala mbili, ndogo, zimesimama karibu kabisa na kichwa changu, moja imepumzishwa kidogo kuliko nyingine.

"Nawasikia," ikasema sauti ya mama mkwe.

Na nyuma yake, viatu vingine.

"Na mimi," akasema mke wangu.